Mita Nne za Kitambaa Cheupe

Mita nne za kitambaa cheupe
na nusu mita ya kijani, ya herufi:
ndivyo alivyoagiza Ustadh Muhenna
mlangoni pa duka langu, hapa Sinaw,
Alhamisi, siku ya mnada wa ngamia,
vumbi mpaka kwenye kope.
"Bi Raya, shona kwa mkono wako ule ule wa Unguja.
Lisomeke toka barabara kuu:
FURAHA HAIHITAJI RISASI."

Nikashona.
Neno la mwisho nililirudia,
uzi wa kwanza ulikatika.

Nisiseme uongo, maneno niliyapenda.
Harusi za mji huu huishia angani.
Ndoa ikishafungwa wajomba hulenga nyota,
watoto hugombea maganda ya shaba, yangali ya moto,
wakayageuza filimbi.
Na kinachopanda, mwanangu, hushuka.
Shaaban iliyopita kilimshukia Delwar,
yule Mbengali wa pampu za maji,
kalala juu ya paa kwa joto.
Kikamvunja mtulinga.
Tukasema maskini. Tukampelekea uji.
Kamati haikuundwa.

Mfunguo Mosi kikashuka kingine,
kikatoboa tangi la Ustadh Muhenna.
Wiki haikwisha, kamati ina muhuri.

Na anajua kusema, yule mtu!
Kipaza sauti mkononi, kilemba rangi ya zafarani,
akalia machozi ya kweli,
mimi nilikaa mstari wa pili upande wa wanawake, niliyaona.
Akasema atakayefyatua hata moja
asialikwe popote, asiitikiwe salamu.
Akavitaja vijiji. Akawataja Mabedui kwa koo zao.
Delwar alikuwepo, nyuma kabisa,
anagawa chupa za maji
kwa mkono mmoja.

Jioni ile ile dereva akaniletea mfuko.
Ndani, bunduki ya babu yake Ustadh,
ndefu, kitako kimevishwa fedha, inanuka mafuta mapya.
Anataka ala ya bahameli.
"Na kile cheupe cha bango, kama kimebaki,
kitie kwa ndani, kisipotee bure."
Nikampigia simu.
Akacheka taratibu, kama anayemfundisha mtoto kutawadha:
"Hiyo si silaha, Bi Raya. Hiyo ni heshima."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema wa kale.
Hawakusema mshona ala alilipwa ngapi.
Riali kumi na mbili.
Nilizihesabu, nikazihesabu tena.

Kisha mwanawe Yaarub akaoa.
Bango letu getini, kamba nne,
limenyooka kama shuka ya hotelini.
Sisi wanawake tuko dirisha la juu.
Chini wanacheza razha, panga zinarushwa, zinadakwa,
halafu nikaisikia bahameli yangu ikivuliwa.
Haiwezekani kusikia, najua. Nilisikia.
Heshima ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu, na ndege wote wa mitende wakahama.
Maganda yakaanguka zuliani, watoto wakayavamia.
Na ulimi huu,
kabla sijauambia neno,
ukapiga kigelegele,
kirefu, mpaka mama wa bwana harusi
akageuka kunishukuru.

Asubuhi Delwar alikuja dukani na bango kwapani.
Kaliokota nyuma ya geti, lina doa la mchuzi.
Anataka kivuli, kule juu ya paa.
Nililifua, nikalipiga pindo,
nikatia pete za chuma kwenye pembe.
Akauliza maandishi yaelekee wapi,
kwake au mbinguni.

"Mbinguni," nikasema. "Risasi zijisomee."

Hakucheka.
Akaingiza mkono mfukoni, ule mzima,
akaniuliza bei.